Siku moja maishani mwangu: mimi na dirisha la silikoni

Saa 2 asubuhi. Nipo maabara, hapa Ujerumani. Napitisha mwanga wa infraredi kwenye dirisha la silikoni ili nione molekuli zinavyonata na kubadilika juu ya metali iliyo ndani ya asidi, huku nikibadilisha volti. Kazi ya kwanza ni kumimina nitrojeni ya kimiminika kwenye kigunduzi cha infraredi, maana hakioni vizuri mpaka kipoe hadi karibu nyuzi -196 za Selsiasi.

Saa 3. Naandaa dirisha: kipande cha silikoni chembamba kuliko milimita moja. Wembamba huo nimeutaka makusudi. Kipande kinene cha silikoni hufyonza karibu mwanga wote chini ya 1,000 cm⁻¹ hivi (cm⁻¹ ni idadi ya mawimbi ya mwanga katika sentimita moja). Kipande chembamba hupitisha hata huko. Juu yake natandaza dhahabu, kisha platinamu, huo ndio elektrodi wangu, yaani metali ninayoipa volti ndani ya myeyusho. Myeyusho wa dhahabu una asidi ya hidrofloriki, inayopenya ngozi na kudhuru hadi mifupa, kwa hiyo sifanyi kazi hii peke yangu, na jeli ya kalsiamu glukoneti huwa mezani.

Saa 5. Mwanafunzi mgeni, kijana wa Mombasa, ananiuliza: "Dada, mbona tusitumie almasi? Asidi haiiwezi, alkali haiiwezi."

Swali zuri sana. Lakini almasi yenyewe hufyonza mwanga kati ya 1,800 na 2,300 cm⁻¹ hivi, na CO (kaboni monoksidi), molekuli tunayoichunguza, ikinata kwenye platinamu huonekana karibu 2,050. Tungeziba palepale tunapochungulia. Zinki selenidi hupitisha mwanga hadi cm⁻¹ za chini kuliko silikoni, ila asidi huila na kutoa hidrojeni selenidi, gesi ya sumu. Kalsiamu floridi humomonyoka kwenye asidi. Germaniamu huyeyuka ukiisukuma kwenye volti chanya. Ndiyo maana silikoni naitetea kila kikao, ingawa alkali kali na ya moto huitafuna.

Saa 7 mchana. Seli imefungwa, asidi ya perikloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) imo, gesi ya agoni inafukuza oksijeni. Naingiza CO, kengele ya gesi ikiwa imewashwa.

Saa 8 hadi 11 napandisha volti taratibu. Kilele cha CO kwenye grafu ya mwanga uliofyonzwa kinasogea kwenda namba za juu, takribani 30 cm⁻¹ kwa kila volti, kisha kinafifia CO inapooksidika kuwa CO₂. Volti siishushi sana: viputo vya hidrojeni hubandua utando wa dhahabu, na dirisha likibaki zima bila utando, hakuna kipimo.

Saa 12 jioni. Utando umeshika pembeni pote. Kesho tutaweka tabaka la oksidi ya indi na bati kati ya silikoni na dhahabu, tuone kama litastahimili alkali.