Soda iliyobaki ndani ya mgomba

Baada ya saa 6 kipimo cha sukari kilisoma 1.4. Baada ya saa 24 kikasoma 1.5. Kwa anayesubiri selulosi, yaani nyuzi za mmea, igeuke sukari, maana yake kazi ilikuwa imesimama tangu jana, na mililita 9 za vimeng'enya, zile protini zinazoivunja selulosi, karibu moja ya tano ya chupa yote tuliyoisafirisha kwa barafu, zilikuwa zimekwenda.

Ilikuwa Agosti 2017, Kibosho, juu ya mji wa Moshi, nyuma ya nyumba ya bibi mmoja anayejulikana mtaa mzima kwa mbege yake, pombe ya ndizi na ulezi. Tulitaka kupata ethanoli, yaani kileo, kutokana na nyuzi za mmea, na tulichagua mgomba kwa sababu upo: kila mkungu ukikatwa, gogo linaangushwa, kidogo wanapewa ng'ombe, mengine yanaozea kihambani, shamba la nyumbani. Ila usidanganywe na ukubwa wake. Zaidi ya asilimia 90 ni maji, kwa hiyo gogo la kilo 20 likikauka halifiki kilo 2.

Tulipima gramu 200 za vipande vikavu, tukavitia katika lita 2 za maji yenye gramu 40 za kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Soda ndiyo inayoondoa lignini, ile gundi ngumu inayoizingira selulosi. Kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hazitoshi, ndiyo maana tulitumia presha kuka kwa dakika 45. Mchanganyiko ulikaa kwenye mitungi ya glasi yenye vifuniko vilivyolegezwa, nayo mitungi ikasimama ndani ya maji ya kuka. Soda isiguse aluminiamu hata kidogo: huila sufuria na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Tukasuuza mara tano. Kila mara tulichovya karatasi ya pH, inayopima uchachu, kwenye maji yaliyomwagika, na mara ya tano ikatoka kijani, yaani 7, si asidi wala soda. Tukachukua makapi yenye uzito mkavu wa gramu 100, tukajaza maji hadi lita moja, tukatia asidi ya sitriki gramu 3 kwa kubania (ilitakiwa kama gramu 10), tukarekebisha hadi pH 5, ndipo vikaingia vimeng'enya. Kiasi chake ni yuniti 15, kizio cha nguvu ya vimeng'enya, kwa kila gramu ya selulosi. Chombo kilikaa ndani ya kasha la barafu lililojaa maji ya nyuzi 50, na kila saa mbili tuliongeza maji ya moto.

Sukari tuliipima kwa mashine ya wagonjwa wa kisukari. Inafaa, mradi uijaribu kwanza kwa glukosi ya duka la dawa, maana imetengenezwa kwa ajili ya damu: gramu 0.9 katika lita moja isome karibu na 5, yaani milimoli 5 kwa lita. Sampuli yetu tuliizimua mara 50.

Ilipogoma, tulishuku joto kwanza. Daftari lilionyesha 48 hadi 52 usiku kucha. Likifika 60 na zaidi vimeng'enya huharibika, lakini hatukufika huko. Shaka ya pili ilikuwa kimeng'enya cha tatu. Kazi hii ina mikono mitatu: mmoja hukata mnyororo wa selulosi katikati, wa pili hubandua sukari mbilimbili kutoka ncha, wa tatu huzitenganisha zile mbili. Wa tatu akipungua, zile jozi hurundikana na kumziba wa pili.

Bibi alikuja tukiwa bado tunabishana. Tulimwamkia, akaitikia, akachungulia ndani ya kasha.

"Wajukuu zangu, si mngeweka kimea?"

Swali lake lilikuwa la fundi. Kimea cha ulezi kina vimeng'enya vyake, na ndivyo vinavyovunja wanga katika mbege. Wanga na selulosi zote ni minyororo ya glukosi, ila viungo vimeunganishwa kwa namna tofauti, na kimeng'enya cha kimea hakiwezi kushika kiungo cha selulosi. Vyetu vilitokana na kuvu, Trichoderma reesei, aliyepatikana kwenye mahema ya jeshi la Marekani yaliyokuwa yakioza Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Tukiwa tunamweleza, yeye alikuwa ameshaingiza mkono kwenye beseni la makapi yaliyobaki. Alichukua konzi, akaikamua, akasugua kidole gumba kwenye kile cha shahada.

"Hii bado ina sabuni."

Tulichovya karatasi kwenye matone yaliyotoka kiganjani mwake. Buluu: 10. Tukachovya nyingine ndani ya chombo: 8. Maji tuliyokuwa tukiyapima siku ile yalipita juu ya makapi tu. Vipande vilikuwa vinene, vingine kama kidole, na soda iliyokaa katikati yake ilitoka polepole usiku, ikaimaliza ile asidi haba. Kwenye pH 8 vimeng'enya hivi havifanyi kazi. Tuliirudisha 5, tukangoja saa 12, kipimo hakikusogea. Vilikwisha haribika.

Tulianza upya. Vipande vikatwangwa na kuchekechwa hadi chini ya milimita 2. Bibi alisuuza mwenyewe, akikamua kila konzi, nasi tulipima maji ya kukamua. Ilichukua maji tisa. Kisha makapi yakalala usiku mzima katika asidi ya sitriki, safari hii gramu 10 kamili, yakapimwa tena asubuhi kabla ya chupa kufunguliwa.

Baada ya saa 72 mashine ilisoma 4.6. Zidisha kwa 50, kisha kwa 0.18 ili milimoli ziwe gramu: gramu 41 za glukosi kwa lita. Selulosi tuliyoikadiria, gramu 60, ingetoa karibu 67 kama ingevunjika yote. Tukatia hamira gramu 2 ili igeuze glukosi kuwa ethanoli, kwenye nyuzi 32, na kila gramu ya glukosi haiwezi kutoa zaidi ya gramu 0.51 za ethanoli, kwa hiyo hata mambo yakienda vizuri tungepata 21, kama asilimia 2. Chini ya asilimia 4 kukeneka, yaani kutenga ethanoli kwa mvuke, kunakula kuni nyingi mno. Bibi aliuliza kama tungeweza kuongeza makapi kwenye maji yaleyale. Tukapima gramu 50 nyingine, naye akaanza kuzikamua.