Mawe ya Bonde la Teleki

Arudipo mtu kutoka Mlima Kenya, swali la kwanza huwa ni barafu: imebaki kiasi gani? Jibu langu ni fupi. Barafu ya Lewis, iliyochorewa ramani makini mwaka 1934, sasa ni mabaki, na ile ya Gregory iliyokuwa jirani yake imekwisha. Kinachonishughulisha zaidi ni mawe.

Ukipanda kwa njia ya Naro Moru, baada ya kuhangaika na kile kinamasi (viatu vyangu ni mashahidi), unaingia Bonde la Teleki, lenye sakafu pana na kuta zilizosimama, umbo ambalo mto wa maji hauchongi peke yake. Humo kuna matuta marefu ya mawe, makubwa kwa madogo, yaliyochanganyika na udongo. Ni kifusi kilichosukumwa na barafu kisha kikaachwa iliporudi nyuma, nacho huitwa moreni. Mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyefika mlimani mwaka 1893, alitambua kwamba zamani barafu ilishuka chini sana kuliko alivyoikuta.

Safari hii niliinama juu ya mwamba uliolainika kama sahani, nikapitisha kidole katika mikwaruzo iliyoachwa na barafu, yote ikielekea bondeni. Katikati yake mtu alikuwa amepaka mshale wa rangi nyekundu. Hatua chache mbele, tuta lilikuwa limebomolewa ili kujenga ukuta wa kukinga mahema na upepo.

Nililalamika, na kijana mpagazi akacheka: "Kwani mzee, mawe yataisha?"

Hayataisha, nilimwambia, lakini jiwe la moreni hueleza barafu ilifika wapi kwa sababu tu liko pale lilipoachwa. Likihamishwa hatua kumi, limenyamaza. Lobelia iliyokanyagwa huweza kuota tena. Tuta halijengeki upya, kwani aliyelijenga hayupo.

Mlima huu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997 kwa uzuri wa mandhari na kwa ikolojia yake; historia ya miamba haikuwa miongoni mwa vigezo. Naona ni pengo, ingawa kuliziba hapa nyumbani hakuhitaji fedha nyingi: kambi ziwekwe mbali na matuta, njia iwe moja, na waongozaji wafundishwe kuyatambua.

Usiku ule kijana alijaza changarawe ya kijitoni katika mifuko minne, akafungia kamba za hema letu.