Faharasa kuwepo si kuwa sahihi

Kwa wiki mbili, wafanyabiashara wa dagaa wanaotumia programu ninayoitunza hapa Kigoma walikuwa wakitafuta mizigo waliyoiandikisha wenyewe bila kuiona. Mizigo ilikuwamo kwenye hifadhidata, lakini kwenye Elasticsearch, mfumo wa utafutaji tunaoutumia, haikuwamo. Chanzo kilikuwa mistari michache ya msimbo niliyoiandika mwenyewe, ile inayounda faharasa ya utafutaji, yaani mkusanyo wa nyaraka ambamo Elasticsearch hutafuta, programu inapowaka.

Mistari hiyo iliuliza kwanza kama faharasa ipo; ikiwa haipo, iliiunda pamoja na aina za nyuga zake (sehemu za kila waraka, kama namba ya mzigo), na ikiwa ipo, iliendelea na kazi. Utaratibu huu una mianya miwili. Wa kwanza ni kwamba nakala mbili za programu zikiwaka pamoja, zote huambiwa faharasa haipo, zote hutuma ombi la kuiunda, na itakayochelewa hurudishiwa kosa la resource_already_exists_exception. Dawa yake ni kuacha kuuliza, kutuma ombi la kuunda moja kwa moja, na kulichukulia kosa hilo, na hilo peke yake, kuwa ishara kwamba nakala nyingine imekwisha kuifanya kazi hiyo.

Mwanya wa pili ndio ulionipotezea mizigo. Elasticsearch, isipokatazwa, huunda faharasa yenyewe mara inapopokea waraka wa kwanza, na huikisia aina ya kila uga kutokana na kile inachokiona. Siku hitilafu ilipoanza, kazi ya nyuma ya pazia inayohamisha mizigo kutoka kwenye hifadhidata kwenda Elasticsearch ilitangulia kuwaka, na mzigo wa kwanza ulikuwa na namba 45, iliyotumwa kama tarakimu tupu. Uga ukawekwa kuwa wa namba kamili. Msimbo wangu ulipouliza kama faharasa ipo, ulijibiwa kwamba ipo, ukaridhika. Kisha ulikuja mzigo uliogawanywa, wenye namba 45B, ukakataliwa, na wote wa namna hiyo uliofuata ukakataliwa vilevile. Sikupata taarifa yoyote kwa sababu uandishi wa mkupuo, yaani kutuma nyaraka nyingi kwa ombi moja, hurudisha jibu la 200, lenye maana ya mafanikio, hata baadhi ya nyaraka zikikataliwa: kukataliwa kwenyewe kumeandikwa ndani ya jibu, waraka kwa waraka, nami nilikuwa nikisoma ile 200 tu. Hili naliona kuwa zito kuliko yote, kwa kuwa mtu aliyeandikisha mzigo wake ana haki ya kuukuta.

Aina ya uga uliokwisha kuundwa haibadilishwi. Inabidi kuunda faharasa mpya na kunakili nyaraka upya. Kwa hiyo sasa programu inajua lakabu moja tu, yaani jina la kupanga linaloelekeza kwenye faharasa halisi, mizigo, ambayo nyuma yake ipo mizigo_v1 au mizigo_v2, na ombi moja huiondoa lakabu kwenye ya zamani na kuiweka kwenye mpya kwa pamoja, bila mtafutaji kukutana na pengo. Unakili niliufanya usiku, uandishi ukiwa umesimamishwa, kwa maana dagaa huvuliwa usiku kwa taa na kushushwa asubuhi katika mwalo wa Kibirizi, na saa hizo za usiku hakuna anayeandikisha kitu. Nilitumia nafasi hiyohiyo kuweka orodha ya visawe, ili anayetafuta samaki kwa jina mgebuka apate pia migebuka, maana Elasticsearch haiji na kichanganuzi cha Kiswahili, yaani chombo cha kutambua maumbo ya maneno ya lugha.

Kila ombi la kuandika sasa linabeba sharti la require_alias, ili lakabu isipokuwapo lishindwe badala ya kuzalisha faharasa ya kukisia, na mpangilio wa dynamic umewekwa kuwa strict, ili uga usiojulikana ukataliwe. Ufunguo ambao programu hujitambulisha nao kwa Elasticsearch unaruhusu kusoma na kuandika nyaraka na kuuona muundo wa faharasa tu. Kuunda faharasa ni kazi ya hatua moja inayotangulia programu kuwaka, yenye ufunguo wake. Toleo la muundo nimeliandika ndani ya _meta, sehemu ya maelezo ya faharasa, na programu hulilinganisha na lake kabla ya kupokea ombi lolote, yakitofautiana, haiwaki.

Faharasa ya zamani naiacha kwa wiki moja kabla ya kuifuta, kwa kuwa lakabu inaweza kurudishwa kwake kwa ombi moja, ingawa mizigo iliyoandikishwa baada ya mabadiliko italazimu kuhamishwa tena kutoka kwenye hifadhidata.