Mama, mlango na ukuta wa draiwoli

Mama alipotutembelea huku Columbus, Ohio, kilichomshangaza kwanza si baridi, ni ukuta. Aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena. "Baba, mkopo wa miaka 30 ndiyo umenunulia boksi?"

Sikuwa na jibu la heshima. Mtu aliyezoea nyumba za tofali za Tanga, ambako msumari wa zege unaupiga mpaka unapinda, utamwelezaje kwamba ukuta wa ndani wa Mmarekani ni jasi iliyobanwa kati ya karatasi mbili, unene nusu inchi? Nyuma yake ni uwazi tu, na nguzo za mbao, kwa kawaida kila baada ya inchi 16. Huku wanaiita draiwoli, ni jipsamu ileile mnayopigia dari huko nyumbani.

Wiki ya pili akausukuma mlango wa chumba chake kwa mkono uliozoea milango ya mninga. Kizuizi cha nyuma ya mlango kilishang'oka siku nyingi, na mimi kila siku nasema kesho. Kitasa kikazama ukutani. Tundu la ukubwa wa kikombe cha chai.

Fundi niliyempigia alitaka dola 300. Huku hakuna kumwita kijana wa mtaa wa pili mkamalizana kwa elfu kumi na chai juu. Nikaenda dukani mwenyewe, nikarudi na kipande cha draiwoli, tepu ya wavu, skrepa mbili na ndoo ya ule udongo mweupe laini ambao mafundi wa huku wanauita tope tu.

Cha ajabu, tundu haulizibi kama lilivyo, kwanza unalipanua. Nilimulika ndani kuhakikisha hakuna nyaya wala bomba, nikalikata likawa mraba. Nikapenyeza vibao viwili kwa nyuma, nikavifunga kwa skrubu kupitia sehemu ya ukuta iliyo nzima kando ya tundu, halafu kiraka kikakaa juu yake. Kichwa cha skrubu kinatakiwa kizame kidogo bila kuchana karatasi. Ukiichana, skrubu haishiki tena, maana kinachoshika ni karatasi, si ile chaki.

Nikabandika tepu kwenye viungo, nikashindilia tope la kutosha mara moja, kama napiga lipu. Mama alikuwa kitandani ananitazama. Amesimamia ujenzi wa nyumba mbili, anamjua fundi mwenye haraka hata akiwa amempa mgongo. "Hilo litapasuka," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Asubuhi ukuta ulikuwa na magaga. Tope likikauka linapoteza maji na kusinyaa, na likiwa nene linachanika. Nikakwangua, nikaanza upya: mkono mwembamba, siku nzima likauke, mkono wa pili mpana zaidi, siku nyingine, wa tatu mpana kabisa, mpaka kiraka cha kiganja kikatanda kama sinia. Hapo ndipo siri ilipo. Nundu haiondoki, inatandazwa mpaka jicho lisiione.

Msasa namba 150 ulinifanya nifanane na mtu aliyetoka mashine ya kusaga. Vumbi lilifika hadi kwenye sufuria za jikoni. Vaa barakoa, funga mlango. Na kama nyumba yako ni ya kabla ya 1978, pima kwanza rangi isiwe na madini ya risasi, ambayo ni sumu, ndipo uguse msasa. Yangu ni ya 1994.

Mama ndiye aliyekagua. Alilaza tochi ya simu ubavuni mwa ukuta, mwanga ukapita juu juu, kila kibonde kikatupa kivuli. "Hapa. Na hapa." Nikarudia. Kisha praima, maana ukipaka rangi moja kwa moja tope linainywa na doa linabaki, halafu rangi mikono miwili. Kizuizi kipya cha mlango kilikuwa dola nne.

Rangi ilipokauka akatoa kwenye begi picha ya marehemu baba, fremu nzito ya mbao aliyotoka nayo Tanga. Nikamwambia hapo haitashika. Hakubishana. Alianza kugonga ukuta taratibu kutoka pembeni, boksi, boksi, boksi, mpaka mlio ukabadilika ukawa mzito.

"Hapa pana mbao," akasema. "Lete nyundo."