Mlikuwa wangapi?

Chini ya kidevu changu lipo kovu la nyuzi sita. Watu wakiuliza, husema niliteleza. Kweli yake inaniaibisha: nilichupa baharini kutoka ukutani Forodhani, Zanzibar, saa tatu asubuhi ya bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yanakupwa, na nilijua yanakupwa. Mjukuu wa mvuvi hajui maji?

Nilikuwa na miaka 14. Juzi yake nilifika pale pale peke yangu, nikachungulia, nikaona mawe, nikarudi zangu nyumbani. Siku ya kovu walikuwapo wenzangu saba, na mmoja alishasema, "Huyu hathubutu."

Nimeingia nyumbani navuja damu, baba akauliza jambo moja tu: "Mlikuwa wangapi?"

Miaka mingi baadaye nikasoma utafiti wa Margo Gardner na Laurence Steinberg, Marekani, wa 2005. Waliwachezesha watu 306 mchezo wa gari kwenye kompyuta: taa ikishakuwa ya njano, usimame, au uendelee kuchuma pointi na hatari ya kugonga? Wenye miaka 13 hadi 16, wenzao wakiwatazama, walijihatarisha zaidi sana kuliko walipocheza peke yao. Wenye miaka 24 na zaidi, watazamwe wasitazamwe, karibu ni yale yale. Mwaka 2011 Steinberg na wengine wakawapima vijana ubongo kwa MRI, mashine ya kupiga picha ndani ya mwili, wakicheza mchezo wa namna hiyo. Rafiki akitazama, sehemu zinazosisimka kwa kutarajia zawadi zilichemka zaidi. Na ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayoshika breki, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Baba hakuwa na mashine.

Sasa mpwa wangu ana miaka 15 naye ameanza kuchupa. Dada anataka nimweleze hatari. Nimweleze nini? Jedwali la maji analo kwenye simu, na kovu langu amelishika kwa kidole. Nilichofanya ni kumwambia aende alasiri za bamvua, saa kumi hivi, maji yamejaa, na mimi nikawa nakwenda kukaa ukutani. Dada anasema namharibia mtoto.

Jana mpwa akanijia, amelowa rovurovu, ananong'ona: "Mjomba, kaa kule kidogo, wananicheka."

Nikahamia kwa muuza kahawa. Kutoka pale ukuta wote unaonekana.