Faili Lililogoma Kuingia kwenye Flashi

Jana mpwa wangu kanitumia ujumbe: "Anko, flashi ina nafasi ya GB 28, faili lina GB 6, mbona linakataa?" Nikampigia nikamwelekeza. Nilipokata simu nikamkumbuka yule mwalimu wa Jiografia wa Kibosho, na flashi yake yenye mitihani ya Kidato cha Nne, ambayo nayo iliwahi kukataa faili.

Sababu ilikuwa ileile. Flashi nyingi hutoka dukani zimefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4 hata nafasi ikiwa tele, kwa sababu ukubwa wa faili humo huandikwa kwa biti 32 tu. Dawa ni kufomati upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi usio na kikomo hicho. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo mitihani ya mwalimu tuliihamishia kwanza kwenye kompyuta, tukaifungua mmoja mmoja tuone kama mizima, ndipo tukaendelea.

Faili lenyewe la mwalimu lilikuwa Wikipedia ya Kiingereza, lile toleo la Kiwix, programu ya kuisomea bila intaneti. Mafaili yake huishia na .zim. Nililishusha mjini Moshi kwa torenti, njia ya kushusha faili vipande vipande: umeme ukikatika, torenti huendelea pale ilipoishia, na kila kipande hukaguliwa kinapoingia. La Kiswahili ni dogo, nikalichukua pia.

Shuleni tulichomeka ruta ya zamani isiyo na bando, tukawasha seva ya Kiwix kwenye kompyuta moja. Nyingine zikaandika anwani yake kwenye kivinjari, mwishoni :8080. Hazikuona kitu mpaka tulipoiruhusu Kiwix kwenye fayawoli ya Windows, ule ulinzi unaozuia mawasiliano kutoka kompyuta nyingine.

Msichana wa dawati la mbele akaandika jina la kata yao. Ukurasa ukafunguka papo hapo: mistari michache, wilaya, mkoa, idadi ya wakazi kwa sensa. Akausoma kwa sauti, akaushusha chini, akaurudisha juu, kidole kikifuata maneno kwenye kioo. Kisha akageuka.

"Mwalimu, mfongo wetu mbona haumo?" Mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia mashamba.

Nikamweleza kuwa ukurasa unabadilishwa mtandaoni, kwa kubofya Hariri, na yeyote anaruhusiwa, ila taarifa iwe na chanzo kilichochapishwa: kitabu, gazeti, ripoti.

"Babu ndiye anayepanga zamu za maji," akasema. "Hajaandikwa popote."

Sharti la chanzo naliheshimu. Bila hilo kila mtu angeandika lake, na asiyekuwepo asingekuwa na namna ya kuhakiki. Lakini wazee wa mfereji hawachapishi vitabu. Wanajua nani afungue maji saa ngapi, na shamba lipi litangulie kiangazi kikikaza. Tumrekodi babu, halafu rekodi tuiweke wapi ili ikubalike? Mpaka leo jibu la kuniridhisha sina.

Mwalimu hakungoja jibu langu. Aliwapa kazi ya likizo: kila mmoja aende kwa mzee wa mfereji wa kwao, aandike zamu zote kwenye daftari. Nikamwambia daftari la mwanafunzi nalo halitahesabika kuwa chanzo. Akasema, "Najua," kisha akaandika ubaoni kinachotakiwa kuwa juu ya kila ukurasa: jina la mzee, kijiji, jina la mfereji, tarehe ya mazungumzo.