Nimetoka, lakini sina laini

Nilipopelekwa gereza la Luzira, Kampala, mji wetu wa Arua ulikuwa manispaa. Ukawa jiji Julai 2020, nikaisikia habari hiyo redioni tukiwa gerezani, kipindi cha korona, wageni hawaruhusiwi kututembelea. Ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku ilianza 2018 ikafutwa 2021, mimi sikuilipa hata senti. Faida nyingine niliyotoka nayo ni useremala.

Wengi wanadhani kinachomtesa aliyetoka jela ni maneno ya majirani. Maneno yapo. Niliowakosea nao wapo, mtaa huuhuu. Hayo tunayaendea polepole na wazee, si ya kuandika hapa. Kinachonikwamisha kila kukicha ni kitambulisho.

Gerezani unahesabiwa utake usitake, asubuhi na jioni, na hesabu isipotimia hakuna wa kutulia. Huku nje ni kazi yako kuthibitisha kwamba upo. Laini yangu ya zamani ilishafungwa, namba ina mwenyewe mwingine. Laini mpya haisajiliwi bila kitambulisho cha taifa, changu kilipotea siku nilipokamatwa, na ili nipate kingine natakiwa ripoti ya polisi. Yaani niende polisi kwa miguu yangu! Nilikwenda. Askari wa getini akaniita tu, "Wewe, njoo," nikajikuta nimechuchumaa mbele yake kama tulivyofundishwa kule. Muuza chapati ng'ambo ya barabara alicheka. Nikageuza.

Bila laini hakuna kupokea pesa kwa simu, na wateja wa siku hizi hawatembei na noti. Mama aliyeniagiza meza alinilipa kupitia simu ya dada yangu. Dada akakata ya kutolea, akakata na ya sukari, kilichobaki akanikabidhi huku ananishauri nisikitapanye.

Wiki hii nimekwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kuomba barua ya utambulisho. Mzee akashika kalamu, akaniuliza, "Mwanangu, niandike wewe ni mkazi wa hapa tangu lini?" Tukatazamana, halafu tukacheka sote. Akaandika "tangu kuzaliwa", akagonga muhuri.

Jumatatu narudi polisi na barua yangu. Dada kasema atanisindikiza mpaka ndani. Anataka simu yake ipumzike.